Kuchora Picha Zinazosimulia: Mwongozo kwa Mtu Mzima Anayeanza, na Kisa cha Simbi Nyaima Kikiwa Zoezi

Mtu mzima anayeanza kujifunza kuchora hadithi huja na ujuzi wa picha moja. Anaweza kunakili uso wa mtu kutoka kwenye simu, akautia vivuli mpaka mashemeji wakaomba kuchorwa. Mwambie sasa amchore mtu huyohuyo akiingia mlangoni, kisha akiketi, kisha akiondoka kwa hasira, na utapata watu watatu wasiojuana. Kuchora hadithi huanzia kwenye mpango: nani yuko wapi, mwanga unatoka upande gani, msomaji anajua nini sasa na atajua nini akifungua ukurasa. Mkono hufuata baadaye. Ukitenga nusu saa kila siku na saa mbili za Jumamosi, wiki kumi na mbili zinatosha kumaliza kijitabu cha kurasa 16.

Zoezi letu ni kisa cha Simbi Nyaima, lile ziwa dogo karibu na Kendu Bay. Bibi kizee anafika kijijini watu wakiwa kwenye sherehe. Anaomba chakula na mahali pa kulala, anafukuzwa. Mwanamke mmoja anampokea, na kizee anamwonya ahame. Mvua inanyesha, kijiji kinazama. Matoleo ni mengi. Ukipata mzee wa Karachuonyo akusimulie lake, chora lake. Tumekichagua kwa sababu kina watu wachache, usiku mmoja na badiliko moja kubwa. Hadithi yenye wahusika kumi na wawili wanaosafiri kutoka Busia hadi Mombasa iache mwakani.

Vifaa, na vya kutonunua bado

Penseli mbili, HB na 2B. Raba nyeupe laini. Ile ngumu ya rangi mbili hukwangua karatasi, na mahali palipokwanguliwa rangi hunyonywa na kuacha doa jeusi. Rimu moja ya karatasi za fotokopi za A4, zile za gramu 80. Rula, wembe, kalamu ya wino mweusi. Basi.

Rangi zisubiri hadi wiki ya nane. Wanafunzi wengi hutumia pesa zote kwa rangi siku ya kwanza, kisha wanapaka rangi nzuri juu ya mchoro usio na mpango. Wakati ukifika, boksi la rangi za maji lenye vidonge 12, brashi namba 3 na namba 8, na karatasi nene ya gramu 200 kwenda juu vitatosha. Karatasi ya fotokopi hujikunja mara tu inapoguswa na maji. Kisumu kuna unyevu wa ziwa, kwa hiyo karatasi nene uiweke bapa ndani ya mfuko wa plastiki uliofungwa. Ukiisimamisha nyuma ya kabati itapinda kabla hujaanza.

Kalamu ijaribu mapema. Chora mistari mitano, subiri dakika tano, pitisha brashi yenye maji. Wino ukitiririka, kalamu hiyo ni ya kuandikia barua.

Wiki ya 1 hadi ya 3: kushika mwendo wa mtu

Ukiwa Kisumu, nenda soko la Kibuye siku ya Jumapili, au ufuo wa Dunga asubuhi mashua zinaporudi. Aliye Nakuru ana stendi ya magari, na hakuna mahali penye mikao mingi kuliko stendi. Kaa pembeni, tumia penseli ya 2B, na kila mtu mpe sekunde 30 tu. Anza na mstari mmoja mrefu kutoka kichwani hadi kwenye mguu uliobeba uzito. Ongeza mstari wa mabega, mstari wa nyonga, kisha mikono. Macho na vifungo vya shati achana navyo. Lengo ni michoro 20 kwa kikao, mitano au sita kwa kila ukurasa.

Watu hawatulii, na hilo ndilo linalowavunja moyo wengi. Dawa yake ni kuchagua kazi inayojirudia. Mama anayepaa magamba ya ngege huinua kisu, huvuta, hugeuza samaki, hutupa kwenye beseni, kisha anaanza tena. Gawa ukurasa sehemu nne, mkao mmoja kila sehemu, na kila anapourudia mkao fulani wewe rudi kwenye sehemu yake uongeze mstari. Baada ya samaki kumi una mikao minne kamili ambayo usingeipata kwenye picha ya simu. Mtu akikuuliza unafanya nini, mwonyeshe daftari. Asiyetaka kuchorwa, fungua ukurasa mwingine uchore mashua.

Kosa la watu wazima hapa ni woga: mchoro mdogo kwenye kona, umefutwa mpaka karatasi imetoboka. Wiki hizi tatu raba ibaki nyumbani. Mstari ukikosewa, chora mwingine juu yake.

Mikono iliyofichwa mfukoni au nyuma ya mgongo inamfichua anayeanza haraka kuliko kitu kingine. Anza mkono kwa umbo la mwiko: kiganja kipana, mpini ndio kifundo. Weka dole gumba upande wake, kisha vidole vinne kama kipande kimoja, na mwisho ndipo uvitenganishe. Ukikwama, jipige picha ya mkono wako mwenyewe ukishika kikombe.

Wiki ya 4: mtu yuleyule kila ukurasa

Pima mwili kwa vichwa. Mtu mzima ana urefu wa vichwa 7 au 7 na nusu. Mtoto wa miaka mitano au sita ni kama vichwa 5 na nusu. Kizee wetu aliyepinda mgongo mpe vichwa 6 kutoka utosini hadi chini, na hesabu hiyo usiibadilishe tena. Mwanamke anayempokea awe na vichwa 7. Kwenye karatasi moja, chora mistari ya mlalo inayolingana na vichwa hivyo, kisha mchore kizee mara tatu juu yake: kutoka mbele, ubavuni na mgongoni. Chini yake ongeza nyuso nne: ameomba, amekataliwa, ameshiba, ameonya.

Sasa mpe alama tatu ambazo hazibanduki: labda fimbo yenye kipindo, kibuyu kiunoni, shuka lenye mstari mmoja mpana. Alama hizi zina kazi, kwa sababu msomaji hatambui pua yako uliyoichora kwa uangalifu, anatambua kibuyu. Jaribio ni hili: nakili mchoro wa kizee na wa mwanamke, jaza kila mmoja wino mweusi tii, na ukae mita mbili. Ukishindwa kujua nani ni nani kwa umbo tu, badilisha umbo. Kuongeza makunyanzi hakutasaidia. Karatasi hii ibandike ukutani hadi kitabu kiishe.

Wiki ya 5 na ya 6: kurasa kwenye dami

Karatasi moja ya A4 ikikunjwa katikati hutoa kurasa nne za A5. Karatasi nne hutoa 16. Ndiyo maana vijitabu vilivyoshonwa kwa stepla huwa na kurasa 8, 12, 16 au 20. Kurasa 14 hazipatikani bila kuacha mbili tupu. Kunja karatasi zako nne, zipachike moja ndani ya nyingine, andika namba. Hiyo ndiyo dami, na kila uamuzi utaufanyia hapo.

Ukurasa wa 1 uko kulia peke yake, ndio wa jina. Baada yake kuna jozi saba zinazotazamana, kuanzia 2 na 3 hadi 14 na 15. Wa 16 uko peke yake nyuma. Kurasa witiri daima ziko kulia, na msomaji hufungua baada ya ukurasa witiri. Kwa hiyo swali liweke kulia, jibu lingoje upande wa pili. Mgao wetu:

2 na 3, kijiji jioni, sherehe imepamba moto, na kizee ni mdogo kabisa ukingoni kushoto. 4 na 5, anakataliwa. 6 na 7, ndani ya nyumba ya mwanamke, kuna moto. 8 na 9, wawili hao wako nje usiku, kizee anaonya, sherehe inaendelea nyuma yao. 10 na 11, mvua na kupanda kilima; kwenye 11 tunamwona mwanamke kwa mgongo tu, amegeuza kichwa, na anachokitazama hatukioni. Fungua: 12 na 13, maji. 14 na 15, asubuhi, ziwa limetulia. 16, kibuyu kinaelea.

Kila jozi ichoree vijichoro sita vya ukubwa wa kiberiti kabla ya kuchagua. Ni vingi, na cha kwanza karibu kila mara ndicho kile ambacho kila mtu angechora. Kwenye jozi ya 4 na 5 kijichoro cha kwanza kitakuwa kizee mbele ya mlango, mtu amenyoosha kidole. Cha nne au cha tano huenda kikawa kutoka ndani: migongo ya walaji, vyungu, moshi, na katikati ya migongo hiyo ufa mwembamba wa mlango wenye jicho moja na ncha ya fimbo. Hapo ukatili unaonekana bila mtu yeyote kukunja uso. Maneno nayo yakiwa yameshasema kwamba alibisha hodi, picha haina haja ya kurudia hodi. Ionyeshe kile ambacho maneno hayakukitaja.

Tunasoma kutoka kushoto kwenda kulia, na jicho hubeba mazoea hayo kwenye picha. Anayeelekea kulia anasonga mbele na hadithi. Anayeelekea kushoto anarudi, anazuiwa au anakuja kupinga. Kizee aingie akitokea kushoto. Wanaomfukuza waelekee kushoto. Mwanamke akikimbia kilimani, kilima kipande kuelekea kulia. Ukimgeuza mhusika ovyo kutoka jozi hadi jozi, msomaji atahisi amepotea njia na hatajua kwa nini.

Badilisha umbali pia. Ukipitia dami haraka na kila picha inaonyesha watu wazima kuanzia kichwani hadi miguuni, wamesimama kwenye mstari mmoja, umechora jukwaa la shule. Changanya: mbali sana, katikati, karibu sana.

Usiweke uso wala mkono muhimu kwenye mkunjo. Acha milimita 12 kila upande wa mkunjo bila kitu cha maana, na milimita 10 kutoka ukingoni. Jozi ya 8 na 9 pekee ndiyo iko juu ya karatasi moja isiyokatika. Nyingine zote zinaundwa na karatasi mbili tofauti, na kwa fotokopi zitapishana kwa milimita moja au mbili. Mstari wa paa unaovuka mkunjo kwenye jozi ya 4 na 5 utavunjika.

Kabla ya kuendelea, mpe mtoto wa jirani dami ya penseli isiyo na neno hata moja na umwombe akusimulie. Nyamaza. Akisema "huyu ni nani tena?" weka alama kwenye ukurasa huo, kwa sababu mhusika wako amebadilika. Akiruka ukurasa bila kusema lolote, labda huuhitaji.

Wiki ya 7: mstari wa upeo na mwelekeo wa jua

Upeo wa macho ni mstari wa mlalo ulio kwenye kimo cha macho ya anayetazama. Ukiwa umesimama kwenye uwanja tambarare, macho ya watu wazima wote wenye kimo chako yataangukia kwenye mstari huo, awe hatua tatu mbele yako au mita mia. Wa mbali anakuwa mdogo kwa miguu kupanda. Kichwa kinabaki palepale. Anayeanza hufanya kinyume: huwapunguza watu na kuwapandisha wote, nao huelea kama puto. Chora upeo kwanza kwenye kila jozi. Mtoto aliyeketi akitazama, upeo unashuka hadi magotini mwa watu wazima na vichwa vyao vinapanda juu yake. Mabadiliko hayo peke yake yanatisha kuliko sura yoyote.

Mwanga. Ikweta inapita Maseno, na huku kwetu jua la saa sita mchana liko karibu utosini: kivuli ni kidimbwi kifupi miguuni, matundu ya macho yanaingia giza. Vivuli virefu ni vya asubuhi na jioni, na jua huzama kati ya saa kumi na mbili na nusu na saa moja, kisha giza linaingia upesi. Fikiria kisa cha Luanda Magere, shujaa ambaye nguvu zake zilikuwa kwenye kivuli, na adui akakichoma kivuli. Ukikichora mchana wa saa sita, mkuki hauna pa kulenga. Kwa Simbi Nyaima, kwenye 2 na 3 jua linatoka upande mmoja, tuseme kushoto, na vivuli vyote vinalala kulia, cha mbuzi na cha chungu vilevile. Kwenye 6 na 7 mwanga unatoka kwenye moto ulio chini: chini ya kidevu panang'aa, kivuli cha pua kinapanda juu.

Kabla ya rangi, kila jozi ifanyie kijichoro cha giza la aina tatu tu: nyeupe, kijivu, nyeusi. Finya macho ukitazama. Mahali ambapo nyeupe inagusa nyeusi ndipo jicho litakapotua kwanza. Kama pamegusana kwenye kapu la nyuma badala ya uso wa kizee, hamisha sasa, maana rangi haitakuokoa.

Wiki ya 8 hadi ya 11: picha za mwisho

Kila jozi ichore kwenye A4 iliyolazwa, ukubwa halisi. Wengine huchora kwenye A3 na kupunguza hadi asilimia 71, na kweli mtetemo wa mkono hujificha, lakini mistari nayo hukonda na mwanafunzi hushangaa. Mara ya kwanza chora unavyotaka ionekane. Acha ukingo mweupe wa milimita 7 kuzunguka, kwa kuwa mashine nyingi za saiba hazichapi hadi mwisho wa karatasi. Kazi ikienda kwa mpiga chapa na picha inafika ukingoni, utachora milimita 3 zaidi kila upande ili zikatwe.

Kwanza hamisha mchoro kwa penseli ya HB nyepesi, dami ikiwa chini ya karatasi, zote zikiwa dhidi ya kioo cha dirisha. Kisha bandika karatasi kwenye ubao kwa tepu ya karatasi, ile ya mafundi wa kupaka magari rangi, pande zote nne. Wino, kausha, futa penseli. Rangi nyepesi na maeneo makubwa kwanza, giza mwisho. Subiri tabaka likauke; ukilirudia likiwa bichi utapata madoa yenye kingo kama koliflawa.

Ngozi nyeusi ndiyo inayoharibiwa zaidi. Mwanafunzi huchukua kahawia, huongeza nyeusi, na mtu anakuwa kama kaa la makaa yaliyozimika. Kidonge cheusi kiache. Changanya kahawia sehemu tatu na buluu sehemu moja kupata giza lenye uhai, ongeza nyekundu kidogo masikioni, puani na kwenye viungo vya vidole. Sehemu zinazong'aa, yaani paji la uso, juu ya shavu na daraja la pua, ziache wazi au uzipake buluu hafifu mno, kwa sababu ngozi nyeusi huakisi anga. Karibu na moto, mwako huo uwe wa rangi ya chungwa. Na nyuma ya uso weusi weka kitu chepesi kuliko uso: moshi, ukuta wa udongo, anga la mwisho la jioni. Tatizo ambalo watu huliona usoni mara nyingi liko ukutani nyuma yake.

Anza na jozi ya 6 na 7 na uache ya 2 na 3 iwe ya mwisho. Mkono wako utakuwa umekomaa kufikia mwisho, na ukurasa wa kwanza ndio ambao watu hufungua dukani.

Wiki ya 12: fotokopi na stepla

Skani kwa nukta 300 kwa inchi, au piga picha kwa simu karibu na dirisha lisiloingiza jua la moja kwa moja, flashi imezimwa, simu ikiwa sambamba na karatasi. Toa nakala za rangi, na nakala ndizo utakazokata, kamwe si picha zenyewe.

Sasa kanuni ya 17. Kwenye kila upande wa karatasi, namba mbili za kurasa zikijumlishwa hutoa 17. Karatasi ya nje: 16 na 1, nyuma yake 2 na 15. Ya pili: 14 na 3, nyuma 4 na 13. Ya tatu: 12 na 5, nyuma 6 na 11. Ya ndani: 10 na 7, nyuma 8 na 9. Kata nakala katikati, zigundishe kwa mpangilio huo, na umwambie kijana wa saiba achape pande mbili akigeuza kwa upande mfupi. Akigeuza kwa upande mrefu, nusu ya kijiji itakuwa kichwa chini. Lipia nakala moja kwanza, ikague, ndipo uagize ishirini.

Stepla ya kawaida haifiki katikati ya A4. Ifungue kabisa, laza kijitabu juu ya kipande cha kartoni jalada likiwa juu, piga pini mbili juu ya mstari wa mkunjo, kila moja sentimita 5 kutoka ukingo wake. Bandua kwenye kartoni taratibu, ugeuze, na ulaze miguu ya pini kwa mgongo wa kijiko. Kunja, kandamiza mkunjo kwa kijiko hichohicho. Utaona kurasa za katikati zimechomoza kidogo kuliko jalada. Hiyo ni unene wa karatasi, hujakosea. Weka rula ya chuma milimita 2 kutoka ukingoni, ishike kwa nguvu, na upitishe wembe mpya mara tatu nne kwa wepesi, kwa sababu ukilazimisha mara moja karatasi ya chini huchanika.